Kongo imeingia, Somalia imeingia: mbona mpakani bado naulizwa karatasi tano?

Msomaji wa Moshi anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Nafanya biashara ya maharage na vitunguu hapa Moshi, na karibu kila wiki mzigo wangu unapita Holili kwenda Taveta. Nasikia Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Somalia nayo imeingia, na watu wanasema Ethiopia itafuata. Je, kesho naweza kupeleka maharage Kongo kama ninavyopeleka Taveta? Kama sote ni Jumuiya moja, kwa nini mpakani bado naulizwa karatasi tano? Na hilo shirikisho la kisiasa linanihusu nini mimi muuza maharage?"

Jibu:

Marahaba, dada. Tuanze na maharage, siasa itakuja yenyewe.

Kesho huwezi. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga jijini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Somalia ilitia saini Desemba 2023, ikakabidhi hati zake hapa Arusha Machi 2024. Tarehe hizo ni siku ambazo serikali zilitoa ahadi. Afisa forodha wa Kongo au Somalia aliyeko dirishani hafanyi kazi kwa ahadi. Ana sheria ya forodha ya nchi yake, ana orodha ya viwango vya ushuru, ana mfumo wa kompyuta mbele yake. Hivyo vitatu visipobadilishwa, mzigo wako mbele yake ni mzigo wa nje kama mwingine wowote, hata kama bendera za nchi zote nane zinapepea pale makao makuu Arusha.

Rwanda na Burundi zinaonyesha kazi hiyo inachukua muda gani. Ziliingia tarehe 1 Julai 2007, zikaanza kutumia umoja wa forodha Julai 2009. Hiyo ni miaka miwili, kwa nchi ndogo ambazo wafanyabiashara wake walikuwa wamezoea bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kongo inazidi Tanzania kwa ukubwa karibu mara mbili na nusu, imepakana na nchi tisa, na imo pia SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) na jumuiya ya nchi za Afrika ya Kati. Kila moja kati ya jumuiya hizo ina masharti yake ya biashara.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho hata watu wa maofisini hukichanganya. Umoja wa forodha una sura mbili. Ya kwanza ndiyo unayoijua wewe: bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya inavuka mpaka wa ndani bila ushuru wa forodha. Ya pili hutajwa mara chache, nayo ndiyo ngumu. Nchi zote zinakubali kutoza ushuru mmoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Kwetu viwango vyenyewe ni asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna 35 kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinazitengeneza kwa wingi. Nje ya hivyo kuna bidhaa chache nyeti zinazolindwa kwa viwango vikubwa zaidi. Nchi inapoingia inaacha viwango vyake na kuvaa hivi. Sasa fikiria Somalia, ambako sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya serikali hutoka kwenye ushuru wa bandari ya Mogadishu. Kumwambia waziri wa fedha wa huko abadilishe viwango ni kumgusa mfukoni. Atataka muda, na mimi simlaumu.

Kuna jambo linalouma zaidi. Hata sisi wakongwe hatuivai ile sura ya pili ipasavyo. Kila mwaka wakati wa bajeti, nchi huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani. Mchele ndio mfano ninaoutumia darasani. Kiwango cha pamoja kwa mchele wa nje ni asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiruhusiwa kutoza 35 kwa mchele wa Pakistan. Mchele ukiingia Kenya kwa bei nafuu kuliko unavyoingia Tanzania, lazima mtu asimame mpakani aulize: huu ni wa Kyela au wa Karachi? Swali hilo halitaisha mpaka ushuru wa nje uwe mmoja kweli. Karatasi moja kati ya zile tano zako imezaliwa hapo hapo.

Basi tuzipitie. Naamini unazozisema ni cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea, kibali cha kusafirisha mazao nje, fomu ya forodha, na stakabadhi ya ushuru wa mazao wa halmashauri. Ukizitazama vizuri, cheti cha uasili ndicho kinachohusu Jumuiya zaidi. Hicho ndicho kinachosema maharage haya yamelimwa Tanzania, kwa hiyo yasitozwe ushuru wa forodha. Cheti cha afya ya mimea kinahusu wadudu na magonjwa, na hata kungekuwa na shirikisho kesho ningependa kibaki. Kibali cha kusafirisha na stakabadhi ya halmashauri ni mambo ya nyumbani kwetu, na Jumuiya haijaapa popote kuyafuta. Ninapomsikia mfanyabiashara akilia kwamba Jumuiya imemkwamisha, mara nyingi nikichunguza nakuta kilichomkwamisha kimeandikwa Dodoma au Nairobi.

Kwenye cheti cha uasili una haki ambayo wenzako wengi hawaitumii. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi: cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa na forodha palepale mpakani, bila malipo na bila kulazimika kumtumia wakala. Kuna orodha ya bidhaa zinazokubalika, na mazao ya shambani ya aina yako ndiyo hasa yaliyokusudiwa utaratibu ulipowekwa. Nimekutana na kina mama wanaomlipa kijana wa pale nje "awashughulikie" karatasi hiyo. Wengine wanaogopa dirisha, wanapitisha mzigo kwa bodaboda kwenye njia za panya, wanalipa njiani kila wanakosimamishwa, na wakinyang'anywa mzigo hawana pa kulalamika kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mzigo ulikuwepo.

Na magunia uyaangalie. Nilipokuwa wakala wa forodha, kabla sijaanza kufundisha, mteja wangu mmoja alipakia maharage safi ya Karatu kwenye magunia yaliyokwisha kutumika, ambayo ubavuni yalikuwa na chapa ya nchi nyingine kabisa. Mzigo ulilala mpakani siku mbili. Afisa hakuwa na ubaya wowote. Alisoma kilichoandikwa kwenye gunia, akasoma kilichoandikwa kwenye cheti, akaona havifanani. Mimi ndiye niliyepaswa kuliona hilo Arusha kabla gari halijaondoka. Nunua magunia yasiyo na chapa.

Sasa Kongo yenyewe. Watu wakisema "soko la Kongo lina watu wengi" wanasema kweli, ila hakuna mtu anayeuza kwa Kongo nzima. Kivu, upande wa Goma na Bukavu, ni nchi ya milima yenye udongo wa volkano kama wetu wa Kilimanjaro, na wenyewe hulima maharage. Kutoa maharage Moshi uyavushe Rwanda mpaka kwa watu wanaoyalima, sioni hesabu yake. Isitoshe, Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Kongo yenye njaa ya chakula cha kununua ni ile ya kusini, ya migodi, Lubumbashi na Kolwezi. Huko chakula kinafika kwa barabara kupitia Tunduma na Zambia, na Zambia haimo katika Jumuiya yetu, imo SADC na COMESA. Kwa hiyo mzigo wako ungetoka nchi ya Jumuiya, ukapita nchi isiyo ya Jumuiya, ukaingia nchi ya Jumuiya. Kwenye mpaka na Zambia karatasi ya Jumuiya haikusaidii; unapita kama mzigo wa safari, pamoja na dhamana kwamba hautauzwa njiani. Njia nyingine ni Kigoma, kwa meli au boti kwenda Kalemie na Uvira. Sisi na Kongo tunapakana majini tu, Ziwa Tanganyika lote likiwa katikati, na hapo ndipo kuingia kwa Kongo kunaweza kuonekana mapema kuliko kwingine, bandari na reli zikitengemaa. Wa kufaidi kwanza watakuwa watu wa Kigoma. Wewe wa Moshi utafaidi ukiwa nyuma yao.

Somalia ni ngumu zaidi kwa nchi kavu. Mpaka wake na Kenya ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba ungefunguliwa kwa awamu, kisha mpango ukaahirishwa baada ya mashambulizi. Anayetaka kuuza Mogadishu leo anafikiria bahari.

Nimesema siasa itakuja yenyewe, na imeshakuja. Tazama kilichofuata baada ya Kongo kuingia. Novemba 2022 Jumuiya ilipeleka jeshi la kikanda mashariki mwa Kongo. Desemba 2023 jeshi hilo liliondoka, Kongo ikiwa haijaridhika nalo, ikaita jeshi la SADC, ambamo Tanzania ilikuwemo pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Kongo ikaishtaki Rwanda, mwanachama mwenzake wa nyumba moja, mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki hapa Arusha. Januari 2025 ulipoitwa mkutano wa dharura wa wakuu wa nchi za Jumuiya, rais wa Kongo hakushiriki. Wiki mbili hazikuisha, SADC na Jumuiya zikalazimika kukutana pamoja Dar es Salaam tarehe 8 Februari. Halafu kumbuka kwamba Mkataba wetu unataka Wakuu wa Nchi waamue kwa makubaliano ya wote. Mnapokuwa watatu, makubaliano yanapatikana kwenye chai. Mkiwa wanane, na wawili hawasemezani, jambo dogo la kiwango cha ushuru linasubiri vita viishe.

Wazee wa Moshi watakueleza hayo kuliko mimi. Jumuiya ya kwanza iliundwa 1967, makao yakiwa hapa hapa Arusha. Ilikuwa na vitu ambavyo hii ya sasa haina: shirika moja la ndege, moja la reli, moja la bandari, moja la posta na simu. Ilivunjika 1977. Amin alikuwa ameshika Uganda tangu 1971 na Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Kenya na Tanzania zikawa zinavutana juu ya itikadi na juu ya nani anafaidi zaidi. Shirika la ndege lilipokufa mapema mwaka huo, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Mali na madeni yaligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1984. Wateja wa Taveta hawakukosana na watu wa Moshi hata siku moja katika miaka hiyo yote. Walifungiwa tu.

Ndiyo maana shirikisho la kisiasa linakuhusu, hata usipolipenda. Waliouandika Mkataba mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, walipanga ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, mwishowe shirikisho. Forodha ilianza Januari 2005 na soko la pamoja Julai 2010. Sarafu moja iliahidiwa 2024, ikasogezwa hadi 2031. Shirikisho nalo, mwaka 2017 wakuu wa nchi waliamua kwanza kuanze na ushirika wa mataifa, yaani kila nchi ibaki dola na baadhi tu ya mambo yaendeshwe pamoja. Watanzania walipoulizwa mwaka 2006 na 2007, wengi walikataa kuliharakisha. Wengi waliogopa kwa ajili ya ardhi, na sidhani hofu hiyo ilikuwa ya kijinga. Itifaki ya soko la pamoja yenyewe iliacha matumizi ya ardhi yafuate sheria za kila nchi.

Mimi sina haraka ya kuwa na rais mmoja. Ninachokitamani ni jambo dogo kuliko hilo: kwamba waziri mmoja asiweze kuamka asubuhi akafunga soko bila kuulizwa na mtu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Malori yakapanga foleni Namanga na Holili. Hoja ya sumukuvu ni ya kweli, sumu ile inaua, lakini inapimwa kwa shehena, haipimwi kwa bendera. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti ya vyeti, na mahindi hayakupita vizuri mpaka Rais Samia alipokwenda Nairobi Mei. Lilikuwa jambo jema, lakini mpaka hauwezi kutegemea ziara ya rais kila unapokwama. Na tusijifanye malaika. Mwaka 2017 sisi tuliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 pale Namanga kwa sababu vilitoka Kenya, na mwaka huohuo tukapiga mnada ng'ombe wa Wamasai wa Kenya zaidi ya elfu moja waliovuka kutafuta malisho. Mmasai wa Longido ana shemeji Kajiado. Nilisikia aibu siku ile, na ninaisikia mpaka leo.

Kwa majirani wasio wanachama ni vilevile, tena bila mahakama ya pamoja ya kukimbilia. Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka kwetu. Aprili sisi tukazuia mazao yao, na ya Afrika Kusini pia, kisha baada ya siku chache tukaondoa zuio. Wote hao tumo nao SADC. Eneo huru la biashara la COMESA, Jumuiya na SADC kwa pamoja lilianza rasmi kutumika Julai 2024, miaka tisa baada ya kutiwa saini, na lile la Afrika nzima lilikwisha kuanza. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni nchi kuumia zinapozivunja.

Kuhusu Ethiopia: si mwanachama, na wanaosema itafuata wanabashiri. Mimi ningependelea ichelewe. Mkataba unaruhusu nchi iliyo jirani, yenye utawala bora, yenye uchumi wa soko, itakayoongeza nguvu. Sudan ilikataliwa 2011, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba haikupakana na mwanachama yeyote wa wakati huo. Sasa tumelegeza mkono. Nilifurahi Kongo ilipoingia, kwa sababu tuna ziwa pamoja, na watu wa mashariki yake wanaongea Kiswahili sokoni bila kufundishwa na kamisheni yoyote. Lakini miaka kumi ijayo ningeitumia kuhakikisha kwamba maharage ya Moshi yanafika Kampala kama yanavyofika Same, kabla ya kukaribisha mgeni wa tisa.

Huko Taveta unakokwenda, kazi hiyo imeanza kuonekana. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe 2016, ukienda Kenya unahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Taveta, ukirudi unahudumiwa Holili. Zamani ulipanga foleni mbili, na kila upande ukakufungulia magunia yako upya.

Ukikataliwa cheti kilichorahisishwa ilhali mzigo wako unastahili, au ukitozwa ushuru wa forodha kwa maharage ya Tanzania, usibishane dirishani. Omba sababu kwa maandishi, pamoja na jina la ofisi na tarehe. Peleka nakala kwa kamati ya taifa ya vikwazo vya biashara visivyo vya kiushuru kupitia wizara ya biashara. Ipo kwa ajili hiyo, na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 inazibana nchi kuviondoa. Ikishindikana, Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea shauri la mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama, si serikali peke yake. Kampuni ya British American Tobacco ya Uganda iliishtaki Uganda kwa kutoza sigara zilizotoka Kenya kodi kubwa kuliko za ndani, na mwaka 2019 ikashinda. Wewe huna mawakili wake, najua, lakini mkiwa kina mama ishirini wenye karatasi ishirini za aina moja, chama cha wanasheria kitawasikiliza. Ila shauri hupokelewa ndani ya miezi miwili tu tangu jambo litendeke au ulipolijua. Kwa hiyo ile tarehe iandike siku hiyohiyo, ukiwa bado pale mpakani.